Tarumbeta na Wasioonekana Ibadani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogeeni karibu na redio. Leo sauti yangu imechoka na sitajifanya sijachoka, maana ninayemkumbuka ni mtu niliyemfahamu.

Tunamkumbuka fundi wa kuchomelea mageti na vitanda vya chuma. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minne. Mtaa mzima ulimwita Tarumbeta. Mashine ya kukatia chuma ikiunguruma, jirani wa ng'ambo ya barabara bado alimsikia akiagiza chai. Sauti hiyo hakuipata karakanani. Aliipata uwanjani.

Kwa miaka thelathini Tarumbeta alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa timu yake. Narudia, miaka thelathini. Mvua inyeshe, jua liwake, timu ichapwe mabao manne, yeye yupo na ngoma yake. Na tawi lake lilikuwa na utaratibu mmoja, aliouanzisha mwenyewe. Shabiki akikosa mechi bila taarifa, siku hiyohiyo kabla jua halijazama, wenzake wanagonga mlango wake. Unaumwa? Umefiwa? Umehamia kwa wapinzani? Hilo la tatu ndilo lililowatia hofu zaidi.

Mke wake alikuwa mwanakwaya. Kila Jumapili alikwenda kanisani peke yake, mume akabaki kitandani akiuguza koo la jana.

Kisha mama huyo akaugua figo. Akalala wiki tano. Jumamosi moja Tarumbeta hakwenda uwanjani, akabaki kumuuguza. Saa kumi na moja jioni mashabiki kumi na wawili walikuwa wamejaa sebuleni na mfuko wa machungwa. Mmoja alikuwa jikoni anaosha vyombo. Binti yao, ambaye ni muuguzi, anakumbuka wageni walipoondoka.

"Mama alimtazama baba," anasema. "Akamwambia, 'Hao ni wako. Umekosa siku moja tu, wamekuja. Mimi nimekosa Jumapili tano. Wangu wako wapi?'"

Mkewe akafariki wiki hiyohiyo.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, Tarumbeta aliingia kanisani. Ulipofika wakati wa matangazo akasimama, akauliza, "Mke wangu hakuonekana hapa Jumapili tano. Nani alimtafuta?" Watu wakainamia viatu vyao. Mchungaji, Mungu ambariki, hakujitetea. Akasema, "Ndugu yetu, tumekosa. Tufundishe."

Alianza vibaya, tusidanganyane. Alijua njia moja tu ya kumfuata aliyekosekana. Akakusanya waumini sita, akabeba ngoma, wakaenda kuimba mlangoni kwa bibi mmoja aliyekosa ibada. Majirani wakatoka mbio wakilia, wakidhani bibi amewatoka. Bibi akachungulia dirishani. "Mnatangaza msiba wa nani, wanangu? Mimi naumwa magoti tu!" Tangu siku hiyo ngoma ilibaki nyumbani.

Lakini miguu haikubaki. Kwa miaka saba, kila Jumapili baada ya ibada, Tarumbeta alizunguka kuwatafuta wasioonekana. Miaka saba, wasikilizaji. Uwanjani hakurudi tena. Binti yake alipomwambia apunguze, alimjibu hivi: "Mwanangu, mpira niliupa kifua, mapafu na Jumamosi zangu zote. Kristo nilimpa harusi yangu na misiba ya watu. Niache nimpe na yeye hizi nguvu zilizobaki."

Na nguvu zilizobaki zilikuwa chache. Moshi wa kuchomelea ulikuwa umemla mapafu. Alipanda ngazi za watu akipumzika kila baada ya hatua nne. Wengine walimfungulia. Wengine walizima televisheni, wakanyamaza kimya mpaka aondoke. Alikuwa akimwambia binti yake, "Nilikuwa namuita golikipa aliye ng'ambo ya uwanja, anageuka. Leo namuita mtu aliye nyuma ya mlango mmoja, hasikii." Anacheka, kisha anakohoa muda mrefu. Wale waumini sita nao wakachoka, mmoja baada ya mwingine. Huyu ana wageni, yule ana mechi. Mwisho akabaki peke yake.

Mwezi uliopita akaanguka karakanani. Hakutoka tena nyumbani. Akakosa ibada Jumapili nne.

Mashabiki wa zamani walikuja wiki ya kwanza, ingawa aliwaacha miaka saba. Aliwashukuru sana. Lakini aliokuwa akiwangoja ni wa kanisani. Kila Jumapili alimwomba binti yake amvalishe shati safi na apange viti vitatu karibu na kitanda. "Watakuja," alisema. "Ibada imechelewa kwisha tu." Jumapili ya nne, jua likizama, akasema, "Rudisha viti, mwanangu. Usiwalaumu. Wamechoka. Hata mimi nilichoka." Jumanne akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike mahali ninapopakwepa tangu nianze. Mimi nasali kanisa hilo. Nakaa safu iliyo nyuma ya yake. Jumapili zote nne niliiona nafasi yake tupu, nikajiambia, huyo amerudia mpira. Kisha nikatoka nje, nikasimama na wenzangu, tukabishana juu ya penalti kwa saa nzima. Kutoka pale tuliposimama hadi mlangoni kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Binti yake alinivutia kiti, akaniuliza kwa upole, "Jumapili hizo ulikuwepo?" Nikamjibu, nilikuwepo.

Pole sana, binti. Poleni wajukuu, poleni tawi la mashabiki, ninyi mliokwenda. Mungu ampumzishe Tarumbeta pamoja na mkewe. Nasi tuliobaki tujiulize jasho letu tunalimwaga wapi. Jumapili hii, kabla ya wimbo wa kwanza, geuka utazame nani hayupo. Ibada ikiisha, usiende kwako kwanza.