Historia ya Mama Ghala, Aliyeliweka Hai Ghala la Magonjwa ya Mimea kwa Ada za Wanachama

Ndugu waombolezaji, tumesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasimulia maisha ya dada yetu, na kwa kuwa marehemu hakuwahi kupenda hotuba ndefu isipokuwa zake mwenyewe, tutajikaza tusimuudhi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ghala mpaka mkasahau kwamba wazazi wake walimpa jina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, na mama yetu alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa akiwa ameshakunja uso, kama mtu aliyeletewa kazi iliyofanywa ovyo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1975, ambako alitolewa darasani mara moja tu, kwa kosa la kuuliza swali lile lile mpaka mwalimu wa baiolojia akaomba maji, akajiunga na chuo kikuu na kuhitimu shahada ya sayansi ya mimea mwaka 1984, kisha ya uzamili mwaka 1987.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa mazao, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye feni iliyokuwa na kelele kuliko upepo, na humo yeye na wenzake watano wakaanzisha ghala la magonjwa ya mimea, lililoanza kwa makabati ya kadi na baadaye likahamia kwenye kompyuta na mtandao, ambako watafiti wa nchi nyingi hulifungua ili kujua kirusi gani kinashambulia zao gani, na mbegu ipi inakihimili. Kwa wale ambao miaka yote hii mmekuwa mkiona aibu kuuliza, kazi yenyewe ilikuwa hivi: makala ya kisayansi ikitoka, msomaji mmoja anaisoma na kuchambua yaliyomo, msomaji wa pili anaisoma upya bila kuchungulia kazi ya mwenzake, wakikubaliana taarifa inaingia ghalani, wakipishana wanapelekwa kwenye meza ya dirishani, iliyoitwa meza ya ugomvi, na hawainuki mpaka mmoja akubali yaishe, na wako wawili waliowahi kubishania madoa ya jani la nyanya tangu asubuhi hadi mhudumu akaja kufagia, wakainua miguu, wakaendelea.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, aliyekuwa amekuja kutengeneza mtambo wa chumba cha mbegu, akatumia wiki nzima kwa kazi ya mchana mmoja, na alipobanwa na mkuu wa stoo alijibu, "Mzee, mtambo umepona siku nyingi, anayeumwa sasa ni fundi." Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni muuguzi, na mwana anayefundisha hisabati, ambaye ugomvi wa mezani alikwisha kuuzoea kabla hajaota meno.

Mwaka 2009, marehemu akiwa ndiye mkuu wa ghala, mfadhili aliyeligharimia tangu mwanzo alitangaza kwamba anahamishia nguvu zake kwingine, mkurugenzi wa wakati huo akashauri msomaji wa pili aondolewe ili kubana matumizi, na marehemu akarudi nyumbani, akaweka mkoba mezani, akamwambia mumewe kwamba ghala la msomaji mmoja ni ghala la kubahatisha, kwa hiyo wanaolitumia ndio watakaolilipia, mumewe akamuuliza, "Na wakikataa, mama watoto?" naye akasema, "Wakikataa nitajua kwamba tulikuwa pambo." Usiku ule hakula, na kwa dada yetu hilo lilikuwa jambo la kuitisha kikao cha ukoo.

Mpango wake ulikuwa kwamba vyuo na kampuni za mbegu vilipe ada ya mwaka, kila kimoja kwa kadiri kinavyolitumia ghala, vyuo vya nchi maskini viingie bure, na taarifa yoyote ikishatimiza mwaka mmoja ifunguliwe kwa watu wote, ndipo katika mkutano wa watafiti profesa mmoja maarufu akasimama, akamnyooshea kidole mbele za watu, akasema, "Mama, unauza maarifa kama vocha za simu!" na marehemu, bila kupandisha sauti, akamjibu, "Profesa wangu, kwa kumbukumbu zetu wewe ndiye unayeingia ghalani kuliko binadamu yeyote duniani, hata sikukuu hutupumzishi, sasa niambie, hao wanaokusomea usiku na mchana wanywe upepo?" Ukumbi ulicheka, profesa akacheka pia baada ya kutafakari kidogo, chuo chake kikawa cha pili kujiunga, na leo yuko nasi hapa, safu ya pili, msimgeukie.

Mtauliza wa kwanza alikuwa nani, na hapo familia inaomba ruhusa ya kutabasamu msibani, kwa sababu Jumatatu ya tarehe 4 Aprili 2011, siku ghala lilipofungwa rasmi kwa wasiolipa ada, vyuo vyote vilikuwa vimeorodheshwa kuingia bure kwa mwezi mmoja kabla ya kulipa, isipokuwa taasisi yao wenyewe, wasomaji wakafika kazini, wakawasha kompyuta, wakakuta tangazo kwamba taasisi yenu haijajiunga, tafadhali piga namba ifuatayo, na msomaji mmoja mtiifu, anayejulikana kama Koma, akaipiga, simu ikalia meza ya tatu kutoka kwake, marehemu akaipokea kwa sauti ya wageni, "Karibu ghalani, nikusaidie nini?" Koma akasema, "Mama, ni mimi, nashindwa kuingia," naye, huku wakitazamana, akauliza, "Taasisi yenu imelipa?" Koma akajibu, "Lakini mama, taasisi yetu ni wewe," akaambiwa, "Basi usikate simu, nakuunganisha na mkurugenzi," na mkurugenzi, yule yule aliyetaka msomaji wa pili aondolewe, akalipa kabla ya saa ya chai, taasisi yake ikawa mwanachama wa kwanza.

Hakuna msomaji hata mmoja aliyefukuzwa, ghala likajitegemea, na meza ya ugomvi ikaongezewa viti.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho mwezi Agosti 2023, akatibiwa katika hospitali ya rufaa, na akiwa wodini alipata habari kwamba muungano wa vyuo uliokuwa ukilipa ada kubwa kuliko wote unafikiria kujitoa, akampigia mkutubi wao mkuu, akamwambia, "Mwanangu, kwenye bei tutaongea mpaka uchoke, ila msomaji wa pili simtoi," na mkutubi huyo, badala ya kujibu kwa simu, alifunga safari, akaketi kando ya kitanda, akamwarifu kwamba wamejiunga kwa miaka mitano mingine, marehemu akamshika mkono, kisha akauliza wale wa kampuni za mbegu wamefikia wapi. Alifariki dunia tarehe 19 Mei 2024 alfajiri, mumewe na binti yake wakiwa kando yake, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowahakiki, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na vyuo vyote wanachama, vikubwa na vidogo. Wasomaji wa ghala wako hapa wote isipokuwa wawili, ambao msiwalaumu, kwa sababu marehemu aliagiza kwa kinywa chake kwamba siku ya kumzika wabaki ofisini, mmoja asome, mwingine asome upya, na wamepiga simu sasa hivi kusema kwamba makala ya leo imewashinda kukubaliana, wamehamia dirishani.

Pumzika kwa amani, dada, wanaendelea kubishana.