Mama Salima na Wavuvi Wasiohesabiwa

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Mama Salima Alimasi wa biro ya takwimu ya komini yetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kumi na mmoja ya mwisho ameimaliza akibishana juu ya mwezi, na sisi wenzake, jamani, ametuchosha.

Serikali kuu hugawia kila komini fungu lake, ili maskini wasiachwe mbali na wenye nacho. Fungu linafuata idadi ya wakazi. Sasa sikieni ujinga wetu. Hesabu ya mwisho tuliipanga wiki ya giza, mwezi usipoonekana angani, wakati kila mtu pwani hii anajua kwamba wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani wanaovuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, wamehamia kambi za mbali na familia zao. Makarani walikuta milango imefungwa, wakaandika hakuna mtu. Watu elfu nne wakafutika, na karatasi aliisaini Mama Salima mwenyewe. Nyumba yake pia iliandikwa tupu: mumewe, mzee Amissi, alikuwa kambini, yeye akiwa milimani anahesabu wengine.

Fungu likapungua. Chumba cha kujifungulia kikabaki kuta bila paa, na wajawazito wakaendelea kupelekwa Rumonge kwa pikipiki. Mkwe wake, Mwanahamisi, alijifungulia kando ya barabara. Mtoto ni mzima, alhamdulillahi, lakini Mama Salima hakuisamehe saini yake.

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza. Alibandika kalenda ya mwezi juu ya picha ya mkubwa wa biro. Alikataa mikutano ya wiki ya giza. Aliandika barua kumi na saba, na kila moja tuliichapa sisi, nakala tatu tatu. Majibu yalikuwa ya kukatisha tamaa, hata mara moja wakamtaka athibitishe kuwa wasiohesabiwa wako hai. Alisimama mbele ya wageni wa Bujumbura, akawaambia: “Watu yangu iko ku maji, haiko ku makaburi.” Wao wakaomba rapore nyingine, ripoti juu ya ripoti.

Mwezi huu ruhusa imekuja. Tutahesabu upya mwezi wa Julai, mwezi ukiwa mpevu, nyavu zimeanikwa na wanaume wako nyumbani. Yaani wiki mbili baada ya yeye kuondoka! Miaka kumi na mmoja ya kusumbuliwa, halafu wiki mbili.

Aliomba arudi kuhesabu bure. Tumekataa, na safari hii hatubishani.

Murakoze, asante sana, Mama Salima. Upumzike kwa afya na amani, wewe na mzee Amissi. Ila siku ya kwanza ya hesabu usitoke, usiende sokoni wala kwa jirani. Karani ataanzia mlangoni kwako, na tunataka akukute.

Abdoulkarim, kwa niaba ya biro nzima