Mama Mkwe Ndani ya Kuku wa Zege

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi saa, pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro cha mafundi cherehani. Mwisho wa ubao, upande uliobonyea, hukaa Breki, dereva wa basi la masafa marefu, aliyepewa jina hilo kwa sababu yeye na breki hawana mazoea. Pembeni yake hukaa Wakili, muuza viatu vya mitumba aliyewahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajamaliza kuutoa. Fundi Saa mwenyewe husikiliza kutoka dirishani kwake, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Redio, kinyozi wa mtaa, husimama tu, anasema akikaa mawazo yanambana. Kahawa iko katikati yao, juu ya jiko la makaa, na mwenye kahawa ni mtu wa maneno machache. Jioni ile Breki alifika amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na wenzake wakajua mambo si mambo.

— Umefiwa? akauliza Redio.

— Nimeitwa kikao.

— Kazini?

— Nyumbani kwangu mwenyewe. Mjomba wa mke wangu anakuja jioni hii kumchukua mama mkwe.

— Si juzi tu ndiyo mmemleta aje kukaa nanyi?

— Juzi tu. Na jana kafunga mizigo. Mkoba wake uko mlangoni, kila nikipita naukwaa.

Breki alilisema hilo huku akijikaza, maana lilikuwa linamuuma kweli. Alipokwenda kuposa, miaka ile, kaka zake binti walimwona dereva tu, mtu wa leo huku kesho kule, wakataka kumrudisha alikotoka. Mama huyo ndiye aliyewaambia wamwache, yeye kampenda. Neno hilo Breki hajalisahau hata siku moja, na mama alipozeeka na kubaki peke yake, ni Breki aliyesema aje akae kwao. Sasa anaondoka kabla hata hajazoea kitanda.

— Umemfanya nini mama wa watu? akauliza Wakili.

— Nilimsahau.

— Ulimsahau wapi?

Breki aliangalia ncha za viatu vyake.

— Ndani ya kuku.

Mwenye kahawa aliacha kumimina.

Ikabidi aeleze. Kuku mwenyewe ni wa zege, mkubwa kama nyumba, amejengwa kando ya barabara kuu mahali ambapo hakuna duka wala kituo. Chini ya bawa kuna mlango na mkata tiketi wake, ndani kuna ngazi inayopanda mpaka shingoni, na ukifika juu unachungulia dunia kwa macho ya kuku. Breki amempita na basi miaka nenda miaka rudi, abiria wamebandika pua kwenye vioo, na hajawahi kusimama. Si kituo. Juzi alikuwa na gari la kuazima, la viti saba, mkewe mbele, watoto katikati, mama mkwe nyuma kabisa pamoja na mabegi na mito. Binti yake mdogo alimlilia kuku tangu mbali, mpaka baba akalainika.

— Nikasimama. Mara yangu ya kwanza kusimama mahali pasipo na kituo, na mnaona kilichonipata.

— Mkashuka wote?

— Tukashuka, tukapiga picha nje, watoto wakakimbiakimbia. Nikapiga honi, watu wakarudi garini. Sasa binti yangu anapenda kucheza kondakta. Akatoa mkono dirishani, akapiga bodi mara mbili. Pa, pa.

— Ukaondoka, akasema Fundi Saa kutoka dirishani.

— Sikuondoka mimi, uliondoka mguu. Bodi ikipigwa mara mbili, mimi nakanyaga mafuta. Kuhesabu watu ni kazi ya kondakta. Maisha yangu yote sijawahi kuhesabu abiria.

— Na mkeo?

— Anaangalia picha kwenye simu.

— Na nyuma hamkuona kiti kitupu?

— Kiti hakikuwa kitupu. Mama aliacha shuka lake juu ya mabegi, limejikunja vizuri, mtu yeyote angesema kalala. Sisi tukapunguza redio ili asiamke. Tukawa tunaongea kwa kunong'ona.

Redio aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka.

— Mlikuwa mnanong'ona kwa heshima ya mabegi?

— Cheka tu. Wewe huna kikao.

— Halafu mkagundua?

— Tukagundua, tukageuza, tukamfuata, akasema Breki haraka, akanywa kahawa yote kwa mkupuo ingawa ilikuwa inachoma. Palikuwa na kipande cha habari alichokiruka hapo, na alijijua amekiruka. — Shida ni nikaseme nini jioni hii. Nisaidieni.

Hapo akawa amewapa watu wale kazi waliyozaliwa nayo. Wakili akakunja miguu.

— Kwanza usikubali kosa. Mtu akishuka kwenye chombo bila kumwarifu dereva, huyo si abiria tena. Kajishusha mwenyewe. Mwambie mjomba: mimi sikumwacha mama, mama ndiye aliyeliacha gari.

— Nimwambie hivyo mjomba wa mke wangu?

— Kwa upole. Na ukiona anakunja uso, unamgeuzia kibao mwenye kuku. Pale mlangoni palikuwa na tangazo lolote linalosema watu walio ndani wapige kelele gari likiondoka?

— Halikuwepo.

— Basi kuku ana kesi ya kujibu.

— Kuku huyo ni jogoo au tetea? akauliza Redio.

— Linahusu nini?

— Linahusu. Mama mtu mzima haingii ndani ya jogoo hivi hivi.

Wakabishana kwanza juu ya hilo. Breki alisema ana kilemba chekundu, Wakili akasema hata tetea wana vilemba, Redio akataka kujua mkia ulivyo, na Breki akakiri kwamba mkia hakuuzunguka. Fundi Saa aliwaacha wachoke, akakitoa kioo jichoni. Yeye kwake kila jambo duniani ni chuma.

— Kuku mkubwa kiasi hicho amejengwa kwa nondo. Mama amevaa saa?

— Anayo moja ya zamani.

— Ndiyo hiyo. Nondo nyingi zikisimama pamoja mahali pamoja, zinashika sumaku. Saa ya mama ilisimama palepale alipoingia. Yeye akitazama mkononi anaona bado muda upo. Wewe huku unapiga honi, kule kwake honi haijapigwa.

— Masikio nayo yalisimama?

— Zege lina unene wake. Tena nakwambia, akikaa humo sana hata damu inapunguza mwendo. Huyo mama ametoka humo na umri pungufu kuliko alioingia nao. Mwambie mjomba anapaswa kukushukuru.

— Mpuuze huyo, akasema Redio, akasogea katikati kama mtu mwenye siri ya taifa. — Jiulizeni: kuku yuko peke yake, hakuna duka, hakuna kituo, na kila gari la familia linasimama. Nani kamjenga?

— Mwenye kiwanja.

— Mwenye kiwanja ni nani? Mama mkwe. Si wa Breki, mama mkwe mwingine, wa zamani. Alikuwa na wasiwasi na mume wa binti yake, akajenga kuku. Mama mkwe akiletwa mjini kuishi na watu, njiani lazima apitie pale. Anaingia kimya kimya, anapanda juu, anakaa kwenye jicho, anatazama. Mkwe akirudi upesi, kafaulu. Asiporudi, mama anapelekwa kwa mkwe mwingine. Pale ni mtihani, jamani. Mabawa yote yale ni ya kupotosha watu tu.

— Na mkata tiketi?

— Msimamizi.

Hata Breki alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akakumbuka mkoba uliokaa mlangoni, kicheko kikamkauka.

— Kwa hiyo nikaseme nini? Kesi ya kuku, sumaku au mtihani?

— Changanya, akasema Wakili. — Simama tujaribu. Mimi ndiye mjomba. Kijana, mama yetu umemfanya mzigo wa kuachwa njiani?

Breki akasimama, akashusha mikono ya shati lake lililopigwa pasi.

— Mjomba, kwa heshima zote, chombo kilikuwa kwenye mwendo halali, na kuku yule, kutokana na wingi wa nondo...

Hakuona kwa nini Wakili ameacha kumtazama yeye na kutazama nyuma yake. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya jiko la makaa, shuka lile begani, amekuja kwa miguu kutoka nyumbani. Ilionekana alikuwa akisikiliza nyuma ya kibanda kwa muda.

— Shikamoo mama, wakasema wote kwa pamoja, hata Fundi Saa aliyekuwa dirishani.

— Marahaba. Endelea, baba. Kutokana na wingi wa nondo, ikawaje?

Breki alitamani benchi limmeze. Mwenye kahawa, bila kuambiwa, alifuta ubao kwa kitambaa, na mama akakaa mahali penye bonde, mahali pa Breki.

— Nimewasikiliza. Saa yangu inatembea vizuri, fundi, usihangaike nayo. Na yule kuku ni tetea, kwa kuwa nyuma yake kuna yai. Huyu hakuwaambia habari ya simu?

Wote wakamtazama Breki. Breki akatazama lami.

— Nilimwona akiondoka, akasema mama. — Niko juu kwenye jicho la kuku, naona gari linaingia barabarani, nikasema wanasogeza tu lipate kivuli. Likawa dogo, likapotea. Nikashuka, nikamwomba simu mkata tiketi. Namba niliyo nayo kichwani ni moja, yangu mwenyewe, na simu yangu nimeiacha garini. Nikapiga. Akapokea mjukuu wangu. Akaniambia bibi amelala, piga baadaye.

Redio aliziba mdomo kwa kiganja.

— Nikapiga tena. Akasema baba kakataza bibi asiamshwe. Mara ya tatu nikamwambia, mjukuu wangu, bibi ndiye mimi. Akaniuliza, bibi wa kwetu?

Wakacheka. Hawakuweza kujizuia, na mama mwenyewe alicheka, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Kicheko chake kiliisha kabla ya chao.

— Mimi si mtu wa vikao. Mjomba anajiita mwenyewe. Nina swali moja dogo, na nilikuwa namtafuta huyu nimuulize kabla hawajakaa watu. Mlipunguza redio, nimeambiwa. Mlinong'ona. Vizuri. Lakini tangu nilipopanda gari nyumbani kwangu mpaka simu ilipolia, kuna mtu hata mmoja aliyegeuza shingo akanitazama?

Fundi Saa alirudisha kioo jichoni ingawa hakuwa na saa mkononi. Breki alijaribu kukumbuka. Alikuwa na vioo vitatu vya kutazama nyuma, na safari nzima alivitazama, na alichokiona humo ni malori yaliyotaka kumpita. Alikumbuka kila lori. Uso wa mama hakuukumbuka, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Upande wa pili wa barabara fundi cherehani mmoja alimaliza kushona, mashine yake ikanyamaza. Mama hakusogea. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwumiza Breki zaidi, kwa sababu alionekana kama mtu aliyeuliza huku akijua hatajibiwa. Alianza kukunja shuka ili anyanyuke.

Breki akachuchumaa mbele yake, shati la pasi na vumbi pamoja.

— Mama, ulipanda mpaka juu kabisa?

— Nilipanda.

— Na magoti yako yale?

— Polepole. Ngazi ina mahali pa kushika.

— Sisi hatukuingia hata mmoja. Tulipiga picha tu. Kule juu kukoje?

Mama alimtazama. Tangu juzi watu walikuwa wameingia na kutoka nyumbani, majirani, mawifi, na mjomba kwenye simu, kila mmoja akitaka kujua nani mkosaji na ataombaje radhi. Hili hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alilegeza shuka, akanyoosha mkono kwa mwenye kahawa, akapokea kikombe.

— Kaa, basi. Utajichafua. Kwanza ukiingia ni giza, na ni baridi, mpaka unajiuliza umefuata nini. Halafu tumboni kuna vidirisha vidogo vya rangi. Nimekaa hapo kidogo kupumzika. Mkono wangu mmoja ulikuwa mwekundu, mwingine wa kijani.

— Huo wa kijani ni shaba, akasema Fundi Saa.

— Ni kioo. Nyamaza nieleze.

Wakasogea. Redio alikaa chini, jambo ambalo halijawahi kuonekana kijiweni, na Wakili akainamisha kichwa kama anayesikiliza shahidi. Mama alikuwa msimuliaji. Breki, miaka yote hiyo, hakuwa anajua kwamba mama mkwe wake ni msimuliaji. Aliwapandisha kutoka tumboni ngazi moja baada ya nyingine, akawaonyesha majina ya watu yaliyochorwa ukutani, akamkuta mwanamke mgeni aliyekwama kwa woga katikati ya ngazi, akamshika mkono. Kumbe ndiyo maana alichelewa. Hakusikia honi kwa sababu alikuwa anambembeleza mtu.

Simu ya Breki ikalia. Alikuwa mkewe, ambaye tangu juzi alikuwa akimtumia ujumbe kupitia watoto, na sasa sauti yake ilikuwa juu.

— Mama yuko wapi? Mjomba amefika, tumezunguka nyumba nzima hayupo. Mkoba upo, yeye hayupo.

Breki aligeuza shingo, ingawa mama alikuwa karibu kiasi cha kugusana viwiko, akamtazama vizuri kabla ya kujibu.

— Niko naye hapa kijiweni. Namwona.

— Mwambie mjomba apewe maji, akasema mama, akisogeza kikombe kiongezwe. — Ndiyo kwanza nimefika shingoni.