Barua Nilizomwandikia Mama wa Rafiki Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, shikamooni. Nanyi vijana wa kule nyuma mnaocheka kabla sijasema neno, marahaba, ingawa hamjaniamkia. Mchungaji kanipa robo saa. Mke wangu kasema hata hiyo ni nyingi. Kwa hiyo mjue nimeonywa pande zote mbili.

Nianze na ombi. Nje naona mawingu yanajikusanya. Mnafurahi, nami nafurahi, maana mtama umeanza kujikunja majani. Lakini mvua ikianza kabla sijamaliza, mkaniona nimelishika benchi hili kwa mikono miwili, msinicheke. Sababu yake ndiyo ushuhuda wangu.

Mimi nilikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza. Wakati wa vita ya Mwingereza tulipelekwa kwa meli mpaka Bama, huko Asia, kupigana na Wajapani ambao hawakuwahi kutuibia hata mbuzi. Kutoka kwetu, upande wa Mgori, tulikwenda wawili: mimi na rafiki yangu niliyechunga naye tangu hatujajua kufunga kamba ya kaptula. Hapa tumekubaliana kutotaja majina, kwa hiyo nitamwita rafiki yangu tu.

Bama ni mvua. Ndugu zangu, nawaambia, sisi watu wa Singida mvua hatuijui, tunaisikia tu ikipita kwenda kwa wengine. Kule inanyesha mpaka buti linaozea mguuni. Siku moja ilikuwa zamu yangu ya kuteka maji mtoni. Mguu ulikuwa umevimba, nikaanza kulalamika kama bibi harusi. Rafiki yangu akaichukua ndoo. Akasema, "Lala wewe, mzee wa vidonda. Kesho utateka mara mbili."

Kombora la mzinga liliangukia pale mtoni. Tulimzika palepale ukingoni, kwenye matope, na mvua haikutungoja tumalize. Hiyo mara mbili sijaiteka mpaka leo.

Vita ikaisha, nikarudi. Hata mzigo sijautua, mama yake akaja na karatasi. Ilikuwa barua ya serikali, ya Kizungu, imekaa kwake miezi minane ndani ya kibuyu cha mbegu. Wengi walitaka kumsaidia aipeleke misheni isomwe. Alikataa. Alisema, "Atasoma yule aliyekwenda naye." Mimi Keya walinifundisha kusoma, na Kizungu kidogo cha kutosha kuadhibiwa. Nikaifungua. Maneno yalikuwa matatu au manne tu yenye maana, na nilikuwa nayajua kabla sijayaona.

Nikamtazama mama yule. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa shanga zake. Nikasoma, "Mwanao ni mzima. Mwingereza amempeleka nchi nyingine ng'ambo, kulinda ghala. Atachelewa kidogo."

Alipiga kigelegele majirani wakatoka nje. Siku ileile akatenga fahali mmoja zizini. Huyo, alisema, ni wa siku mwanangu atakaporudi.

Mama huyo yupo humu ndani. Jina sijamtaja, lakini mkigeuka wote kumtazama benchi la pili namna hiyo, kazi yangu ya kuficha inakuwa bure. Mama, usinikunjie uso, nafika.

Nilidhani nitasema ukweli baada ya mwezi, akishapoa na furaha. Baada ya mwezi akaniuliza mbona haandiki. Basi nikaandika barua mwenyewe. Nikaenda kumsomea, nikasema zinapitia jeshini, ndiyo maana hazina stempu. Mwongo hachoki, wapendwa, anachoka kukumbuka. Rafiki yangu nilimpandisha cheo akawa koplo, kisha sajenti. Mama akauliza kama ameoa, nikamwoza. Akauliza kama mkewe ana mimba, nikampa. Halafu nikasahau. Mama akaniita, akanihesabia kwa vidole, akasema, "Mimba hii sasa ni miezi kumi na minne. Mwanangu ameoa binadamu au punda?" Wiki ileile nikamletea mtoto wa kiume, naye akampa jina la marehemu mumewe.

Uhuru ulipokuja hali ikawa ngumu zaidi. "Mwingereza ameondoka," akaniambia. "Sasa ruhusa ya kurudi anamwomba nani?" Nikaandika kwamba ghala bado lina vitu. Ndivyo nilivyojibu, mbele za Mungu.

Yeye naye alikuwa anajibu. Ananiita, anakaa kigodani, anasema, nami naandika. Haya yake niliandika kama alivyosema, neno kwa neno, sikuthubutu kugusa. Kisha nasema nakwenda kuzituma, na ninazitia kwenye kisanduku cha bati nilichorudi nacho vitani, chini ya kitanda changu. Nililala juu ya kisanduku kile miaka ishirini na minane.

Kulala nasema tu. Mlionijua siku zile mnajua. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyote mnatoka nje na vyungu, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi niko chini ya kitanda pamoja na kisanduku. Nadhani Singida nzima nilikuwa peke yangu ninayeombea ukame. Nikawa mtu wa mtukuru, ile pombe yetu ya kienyeji. Nilikunywa asubuhi ili nisiogope jioni. Mke wangu alirudi kwao mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki. Tulikuwa na mwenzetu mmoja wa kijiji cha Issuna, mpiga tarumbeta wa Keya. Yeye ugonjwa wake ulikuwa kupiga tarumbeta kila alfajiri, ng'ombe wake wakawa wanatoka zizini kwa mstari. Watu walisema sisi wawili ni vichekesho. Tulicheka nao. Tungefanya nini?

Sasa ikafika ile amri ya serikali ya kuhamia vijiji vipya. Siku zikapangwa, lori litakuja, kila nyumba itoke. Wote tukafunga mizigo. Mama huyu akakataa. Balozi wa nyumba kumi akaja, akakataa. Katibu wa chama akaja, mama akampa uji, kisha akakataa. Alisema, "Mwanangu anaijua nyumba hii. Akirudi akikuta kichaka, atajua nimekufa, atageuza njia."

Mlikuwa mnasema mama mkaidi. Ukaidi ule niliupanda mimi. Majirani wote wangeondoka, kisima kingebaki na fisi, naye angebaki peke yake kwenye tembe lile na macho yake mabovu, akimngoja mtu niliyemzika kwa mikono yangu.

Na mimi nilifanya nini? Niliandika barua nyingine! "Mama, hama, mimi nitauliza, nitaelekezwa." Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwandikie hivi: asinifundishe. Aje anihamishe mwenyewe. Siku akija, siku hiyo nahama." Nikaandika, nikatia kwenye kisanduku.

Zilikuwa zimebaki siku nne ilipokuja ile gari ya sinema kule kwetu kwa zamani. Mnaikumbuka. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili, jua lilipozama tu wakaanza. Kwanza ilionyeshwa ya kulima kwa jembe la ng'ombe. Halafu ikaja ya kuchekesha, ya askari mmoja mzembe asiyejua hata kufunga mkanda. Mama alikuwa ametembea kutoka kule kwake na fimbo, kwa sababu alisikia wataonyeshwa askari.

Nyinyi mlikuwa mnacheka. Nami nilicheka, mpaka kwenye shuka ikaanza kunyesha. Yule mzembe alikuwa kwenye tope, mizinga inalia, naye anatafuta kofia yake. Mimi sikujua nimefikaje, nikajikuta chini ya benchi, mdomo umejaa vumbi. Kutoka chini kule nikaona kivuli cha mtu mdogo kwenye shuka, na fimbo yake. Mama alikuwa amesogea mpaka mbele. Alikuwa anawatazama askari mmoja mmoja, anaupeleka mkono kwenye nyuso zao. Akazunguka nyuma ya shuka kutazama kama wamejificha huko. Akaita jina la mwanawe, mara tatu, kama mtu anayeita mtoto aje kula.

Watu walicheka sana. Siwalaumu, hamkujua. Aliyejua alikuwa chini ya benchi.

Akarudi taratibu, akaniona. "Wewe, unafanya nini huko chini?"

"Nimeogopa, mama."

"Umeogopa shuka?"

"Ndiyo, mama."

Hakucheka. Aliinama kwa shida, akaegemea fimbo, uso wake ukawa karibu na wangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mwanangu huko aliko, naye anaogopa hivi?"

Wapendwa, nilikuwa na uongo wa miaka ishirini na minane, umekomaa, una mke na watoto wawili. Ukanikauka mdomoni. Nikasema, "Mama, mwanao haogopi tena. Alikufa Bama. Ilikuwa zamu yangu ya maji, akaenda yeye."

Akaishika fimbo, akainuka. Kisha akasema, "Toka huko chini." Nikatoka. Akanishika mkono, tukatembea mpaka kwake. Tulipofika mlangoni ndipo akanipiga. Kwa fimbo ile ile, mabegani, mpaka mkono ukachoka. Halafu akakaa chini akasema neno ambalo litaingia nami kaburini. Alisema, "Wenzangu wamefiwa, wamelia, wamepona. Mimi umeninyang'anya matanga yangu."

Nilikuwa nadhani namwonea huruma. Kumbe nilijionea huruma mwenyewe, nikamlipisha yeye.

Asubuhi akatoa amri kama ofisa wa Keya. Wanangu wakamjulishe kila mtu. Fahali achinjwe, na huyo alikuwa wa nne, maana watatu walikwisha kuzeeka wakimngoja. Tunyoe nywele, mimi wa kwanza. Na mimi nilete barua.

"Zako au zangu?" nikauliza.

"Zangu. Zako nitaendelea kukaa nazo. Wale wajukuu nimewazoea."

Siku ya tatu, watu walipokusanyika, nikaleta kisanduku mbele yao wote. Akaniambia, "Soma zote, mwanangu asikie." Nikasoma tangu asubuhi mpaka kivuli cha alasiri. Mwanangu, yule ng'ombe wako mwenye paji jeupe amezaa. Mwanangu, mwaka huu tumekula mizizi, lakini usitume chochote, una watoto. Nilikuwa nimeandika yote kwa mkono wangu, ila nilikuwa naandika kama karani, sisikii. Siku ile nilisikia. Karibu kila barua mwishoni ilikuwa na mimi. Mwanangu, mwenzako amelewa tena, mwonye, wewe anakusikiliza. Mwanangu, mvua imenyesha na mwenzako amejificha, nimempelekea uji. Mwanangu, mwombee mwenzako, hapa hana mtu anayejua alikotoka.

Nilishindwa kuendelea. Ndipo nilipolia, mimi mzee mzima mwenye kichwa kipya cha kunyolewa. Nilimlilia rafiki yangu kwa mara ya kwanza tangu matope yale. Yule mpiga tarumbeta wa Issuna akachukua karatasi aendelee, akakumbuka kwamba hajui kusoma, akazirudisha kwa heshima. Watu wakacheka machozi yakiwatoka, na mama akacheka pia.

Barua tukazizika. Mwili hatukuwa nao, tulikuwa na maneno aliyopelekewa akayakosa. Tulichimba kando ya zizi la baba yake, tukazifunga kwenye ngozi ya yule fahali, tukazilaza. Tarumbeta ikalia, ng'ombe wa mji mzima wakasimama mstari.

Kesho yake lori likaja. Tukajua tutaanza ugomvi upya. Tukamkuta amekaa juu ya mzigo wake nje, kigoda kimefungwa kamba. Balozi akashangaa, akauliza, "Mama, umekubali kuiacha nyumba?"

Akasema, "Siiachi. Sasa ina mwenyewe. Mwanangu yuko nyumbani."

Naomba kushukuru. Namshukuru mke wangu, aliyerudi mara ya tatu akakaa. Namshukuru yule wa Issuna, aliyeujua ukweli miaka yote na kila mwaka akaniambia, "Sema," nami nikamnunulia pombe anyamaze. Nawashukuru mliochimba. Mtukuru sijaonja tangu siku ile ya sinema, na sijisifu, naomba tu mnitazame. Nikipotea njia kuelekea kule kilabuni, nishikeni shati.

Na fundisho langu ni dogo. Ukimficha mtu msiba, hujamwondolea. Umemwachia aubebe bila kujua ni mzigo gani. Mpe alie, na wewe ulie naye. Siyo kwamba inakwisha. Lakini mnakuwa wawili.

Nilitaka kusema na lingine, ila sikilizeni... hiyo imeanza. Ni yenyewe, matone makubwa. Haya, kina mama, pigeni vigelegele, msinionee haya. Miguu inataka kukimbia, nawaambia ukweli, lakini bado nimesimama.

Mama, nakuona unainuka. Usije huku, sakafu inateleza. Leo keti wewe. Watu wanatoa vyungu nje, na nje kwako kuna ndoo tupu. Niache niende mimi, mama. Nina deni la mara mbili.