Ukuta wa Wajomba

Anselmo, mwanangu, funga huo mlango wa uani nisiisikie patasi ya yule fundi, na wewe Graciete weka bakuli chini, maana supu ya mkate na giligilani nimeinywa miaka themanini na leo haitaniongezea siku. Kaeni karibu, wanangu, mnipe masikio. Maneno yangu ni mengi kuliko pumzi, na mumeo, Graciete, ameondoka tangu asubuhi kwenda Estremoz kumchukua mtu ambaye huenda akakataa kuja. Kwa hiyo nitasema nanyi huku sikio moja likiwa barabarani, na mtanisamehe nikikatika katikati ya neno.

Kwanza mali, ili msije mkatazamana vibaya juu ya jeneza. Nyumba hii ni ya Graciete, pamoja na tanuri na kisima. Miti ya mteremkoni, ile inayotoa magome ya vizibo, ni yako Anselmo, lakini nakuapisha: yote iliyoandikwa tarakimu ya moja kwa rangi nyeupe ilichunwa mwaka wa tisini na moja, na isiguswe na shoka hadi miaka tisa itimie, hata mnunuzi akuimbie mpaka akauke koo. Mti ukichunwa kabla ya wakati wake hausemi kitu, unakufa tu. Ukuta wa jirani Zeferino umeingia kwetu hatua mbili, mwacheni nao. Nimegombana naye miaka thelathini juu ya hatua hizo mbili na sijawahi kupanda hata kabichi pale.

Hayo ndiyo mepesi. Zito ni hili la jiwe. Jumapili, Anselmo, unataka kutundika juu ya lango letu ngao ya akina Mascarenhas, simba na taji na mistari yake, umemwalika padri, umewaalika wakubwa wa kijiji, na mimi wiki tatu nimelala hapa nikisikia simba akichongwa, nimeufumba mdomo. Naogopa, mwanangu. Sikuogopa miti mirefu wala askari wa utawala ule wa kidikteta, lakini sasa naogopa, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio changu kiko mlangoni.

Mnazijua picha saba za sebuleni. Gavana, askofu, jemadari wa farasi, mshairi mwenye ndevu, yule bibi mwimbaji, daktari wa macho, na golikipa aliyefungwa mabao matano na bado tukamtundika. Baba yangu alizikata kwenye magazeti na kalenda, kila alipoliona jina letu la Mascarenhas chini ya sura ya mtu, akazitia fremu kwa mikono yake, akatufundisha mimi na mdogo wangu Custódia kuwaamkia: huyu mjomba wenu, huyu shangazi yenu. Nilipopigwa shuleni kwa kutojua hesabu, niliambiwa nimemwaibisha daktari wa macho. Tulikula maharage bila nyama chini ya gavana, na haki ya Mungu tulikula tumenyoosha migongo.

Ndipo Custódia akampenda Hilário. Kijana mchuna magome, mkono mwepesi, shoka lake halikuwahi kujeruhi mti. Hakuwa na kasoro ila jina: Hilário Exposto. Mnajua jina hilo walipewa akina nani. Ni wale wa gurudumu, lile pipa la mbao lililokuwa ukutani mwa nyumba ya watoto wa kuokotwa, mama anaweka kichanga upande wa barabara, anazungusha, anapiga kengele na kukimbia, na mtawa upande wa ndani anapokea asichokijua. Babu yake Hilário ndiye aliyewekwa, lakini jina lilimfuata mjukuu. Siku alipokuja kuposa, baba aliugua ghafla, ile homa ya watu wanaotaka wengine wawasemee, akanituma mimi mlangoni mwa sebule. Nikamwambia, Custódia akisikia, kwamba nyumba hii haiozi binti kwa mtoto wa ukuta. Alivaa kofia yake akaenda zake, na kesho yake asubuhi dada yangu akafunga mzigo akamfuata. Miaka hamsini na miwili sasa.

Nyani haoni kundule. Baba alipokufa, miaka kumi na mitano baadaye, nilifungua kisanduku chake kutafuta hati ya shamba, nikakuta karatasi. Babu yangu Serafim, ambaye tuliambiwa alizaliwa katika jumba la kifahari, aliletwa na gurudumu lile lile, kichanga cha siku tatu, kitambaa cha buluu shingoni, wazazi hawajulikani. Jina alipewa na baba wa ubatizo, bwana mmoja mwenye mashamba, mwenye huruma nyingi na uvivu wa kufikiri, ambaye siku hiyo alisimamia watoto kumi na mmoja, wote akawaita Mascarenhas, kisha akarudi nyumbani kula. Ndio ukoo wetu, Anselmo. Ndiye simba wako.

Usiinuke. Keti, mwanangu, kasirika ukiwa umekaa. Tulisafiria nyota ya wenzetu. Na mimi nimelijua hilo miaka thelathini na saba, na Estremoz si mbali, basi linakwenda kila siku. Kila mwaka nilisema nitakwenda baada ya mavuno ya magome. Hilário alipozikwa nilikwenda hadi lango la makaburi, nikasimama nje na kofia mkononi kama mtu aliyepotea njia, nikamwona Custódia kwa nyuma, nikarudi. Huo ndio ushujaa wa baba yenu.

Nyamazeni. Hilo ni gari? Graciete, chungulia. Mlango wa gari umefungwa mara moja au mara mbili? Niambie ukweli, usinipoze. Yuko?

Mwacheni apite. Msimshike mkono, hajawahi kupenda kushikwa mkono. Custódia, mdogo wangu, kaa hapa kitandani, macho yangu yanakuona nusu. Nina jambo, na nilipaswa kukuletea mwenyewe kwa miguu yangu ilipokuwa miguu. Babu Serafim... babu yetu alikuwa...

Unasema nini? Sema upande huu, sikio lile limekufa.

Ulijua. Wanangu, anasema alijua. Mama alimwambia asubuhi ile ile ya kuondoka akimfungia mkate kwenye kitambaa, akamwomba asimuue baba kwa aibu. Basi baba sawa, lakini mimi, Custódia? Kwa nini hukurudi ukanitupia usoni? Neno moja tu lingenitosha, ningeanguka palepale nilipokuwa nimesimama.

Ngoja, ngoja nipumue. Rudia, wanangu wasikie.

Anasema nilikuwa nimevaa tai ya baba, nimesimama chini ya picha zile, na akaona sina kitu kingine duniani. Yeye alikuwa na Hilário. Akaona asininyang'anye.

Mungu wangu. Nilikuhurumia miaka yote, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinihurumia.

Anselmo, mlipe fundi aende. Picha msizichome, watu wale hawana kosa, ni sisi tuliowaita wajomba bila kuwauliza. Zishusheni tu ukutani. Karatasi iko chini ya godoro, waonyesheni wajukuu kabla hawajaanza kuringa. Atakayekuja kuposa hapa aulizwe ana mkono gani kwa kazi na moyo gani kwa watu, basi. Nizikeni Estremoz karibu na Hilário, lakini Custódia akiridhia. Akikataa, nitalala popote, msimsumbue.

Nawabariki, wanangu. Mungu awape... awape watu wa kuwavumilia, kama mimi nilivyovumiliwa. Mpendane. Graciete, mto... hivyo hivyo, asante.

Basi nimemaliza. Sasa sema wewe, Custódia, nina... nina pumzi kidogo ya kusikia. Sikuwahi kula meza moja na mumeo. Nieleze. Hilário alikuwa mtu wa namna gani?