Fundi Aliyepima kwa Ndoo

Usiku wa tarehe 9 Agosti 1970, baba mzazi wa marehemu alisubiri habari nje ya chumba cha uzazi mpaka viatu vikamchosha, akavivua. Alfajiri mkunga akatoka: "Baba, ni wa kiume, na analia kama anayedai haki yake." Akawa mtoto wa tatu kati ya watano.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha matofali, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba mwaka 1991. Mwaka 1997 alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, baada ya kumtengenezea bomba lile lile mara tatu. Baadaye alikiri kwamba mara mbili za mwisho nati alizilegeza mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili alihudumia mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Maji husukumwa kwa nguvu kwenye utando mwembamba. Chumvi hubaki, maji matamu hupita. Mwaka 2021 zililetwa tando mpya, zilizotiwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Muuzaji akasema hata klorini haziiogopi. Meneja, bingwa wa maji kwa kuyanywa na kuyaoga, akaamini upesi, maana uongo ule ulimpunguzia kazi.

"Osha kwa klorini, fundi. Mbona unaogopa kama bibi harusi?"

"Bosi, nimeloweka kipande kwenye ndoo siku tisa. Kimeharibika. Chumvi inapita."

"Wewe na ndoo yako mnashindana na wataalamu?"

"Wataalamu hawapo hapa. Tupo mimi na wewe, na mmoja wetu amepima."

Meneja akaamuru wengine waoshe. Siku ya arobaini mji mzima ulikunywa chai ya chumvi. Wakubwa, mashujaa wa kujificha nyuma ya tai, wakaandika barua kwamba fundi ndiye aliyeharibu tando, wakamfukuza. Majirani wakamwambia, "Mwenye nguvu mpishe." Hakumpisha. Alikata rufaa mara nne; hakujibiwa hata kwa salamu.

Januari 2024 alipata kiharusi. Mdomo ulipinda, akili haikupinda. Kila asubuhi alimuuliza binti yake, "Barua imefutwa?" "Bado, baba." Alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mke, watoto watatu, mjukuu mmoja, na wenzake kumi na mmoja waliokaa pale nyuma na ovaroli zao.

Jana mkewe alikwenda kuomba barua ile ifutwe kabla ya maziko.

"Meneja ametoka, mama," akasema katibu.

"Na anayekohoa humo ndani ni nani, mwanangu? Jini?"

Mlango haukufunguliwa. Basi wenzake hao wameandika barua yao, wametia sahihi wote, na imelazwa kifuani pake: *Alipima, akasema, mkampuuza.*

Fundi, pumzika kwa amani. Waliojifungia waendelee kukohoa.