Waya za Mwavuli za Gashe Kinfe

Gashe Kinfe Wolde-Tsadik, tuliyemwita Gashe kwa heshima ya ukubwa wake, na ambaye tumekusanyika kumzika leo Jumapili, tarehe 22 Megabit 2016 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, alizaliwa tarehe 3 Hidar 1943 katika kijiji kilichoko chini ya milima ya Ankober, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Wolde-Tsadik Abtew, mfua majembe, na Bi Askale Deneke, mfinyanzi wa mitungi. Wazee waliopo hapa wanajua wafua vyuma walivyotazamwa zamani, hivyo itoshe kusema kwamba alikua akiona kina mama wakifunika chakula baba yake alipopita, kwa kuogopa jicho lake, ingawa jembe lililolima chakula hicho lilitoka mikononi mwake.

Alianza kusoma kwa padri wa kijiji mwaka 1950, akaingia shule ya serikali mjini Debre Berhan mwaka 1952, akamaliza darasa la tano akiwa amekaa peke yake kwenye dawati la watu watatu, na mwaka 1957, akiwa na miaka kumi na minne, alishuka Addis Ababa kwa mjomba wake Mzee Gizaw, aliyekuwa akigeuza mapipa na makopo kuwa majiko pale soko la Merkato, upande wa vyuma chakavu. Hapo alijifunza kwamba hakuna chuma kinachokufa, kwamba springi ya kitanda ina kazi nyingine baada ya kitanda, na kwamba kufuli iliyotupwa kwa kukosa ufunguo ni kufuli nzima.

Kazi ya vitasa aliianza rasmi tarehe 5 Tikimt 1963, akiwa na meza moja, jiliwa, tupa tatu na kopo la maziwa alimoweka vijiti vya kufungulia alivyovitengeneza mwenyewe, kwa kuwa vya dukani hakuwahi kuviona, na hata alipoletewa vingine uzeeni alivigeuza geuza akavirudisha. Vijiti hivyo alivitengeneza kwa waya za miavuli iliyovunjwa na mvua za Hamle, kwa vibati vya chuma vinavyokaa ndani ya mpira wa waipa ya gari, kwa spoku za baiskeli na kwa vipande vya msumeno wa chuma, na kila mvua zilipokwisha alipita nyumba hadi nyumba akiomba miavuli mibovu, kiasi kwamba kina mama wa mtaa wetu walizoea kuambiana wafiche pini zao za nywele, Gashe Kinfe anapita. Yeye alicheka nao, akasema baba yake alifichwa chakula, yeye anafichwa pini, bila shaka wajukuu wake watafichwa vifungo vya shati.

Tarehe 18 Tir 1966 alifunga ndoa na Bi Zenebech Haile-Maryam, ambaye ndugu zake waligoma kula harusini kwa sababu ya kazi ya bwana harusi, naye Bi Zenebech akala sahani mbili mbele yao. Mungu aliwajalia watoto watatu, Merid, aliyeko Hawassa, Tewabech, aliyeko nasi hapa, na Surafel, aliyefariki kwa surua tarehe 9 Sene 1980 akiwa na miaka miwili.

Mwaka 1970 alikuja mtu aliyevaa suti, akasema amepoteza ufunguo wa nyumba yake, Gashe Kinfe akamfungulia, na jioni mwenye nyumba wa kweli alirudi kutoka safari akakuta kuta tupu. Marehemu alikaa mahabusu miezi saba na siku nne, na alipotoka hakulalamika, ila alijiwekea sheria ambayo mtaa mzima unaijua, kwamba hatagusa kitasa cha mtu mpaka wasimame majirani wawili wenye makazi yanayojulikana, waseme kwa midomo yao kwamba mwenye nyumba ni huyu. Sheria hiyo ndiyo iliyomrudishia jina lake, na ndiyo iliyofanya chama chetu cha kuzikana kimkabidhi ufunguo wa stoo ya mahema na masufuria mwaka 1979, mtoto wa mfua vyuma, akakaa nao miaka thelathini na mitatu bila kupotea hata kijiko.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomuumiza kuliko mahabusu. Asubuhi ya tarehe 14 Ginbot 1992, Bi Fikirte Lakew, aliyekuwa akiishi nyuma ya kinu cha nafaka, alikuja mbio akisema mama yake amejifungia ndani na haitiki, na Gashe Kinfe alifika mlangoni na kopo lake, lakini majirani walikuwa wameenda sokoni, akasimama. Bi Fikirte alimwambia huyu ni mama yangu, unanijua tangu nikiwa mtoto, naye akajibu kwamba anamjua, ila wasubiri wawili waje. Walisubiri muda wa kuchemka chungu cha maharage. Mlango ulipofunguliwa, mama huyo alikuwa amekwishakata roho, na mkono wake ulikuwa bado na joto.

Hakuna aliyemshitaki, wala Bi Fikirte hakupiga kelele, alihama tu mtaa mwaka uliofuata. Gashe Kinfe aliendelea na kazi, lakini Bi Zenebech, kabla hajatutoka tarehe 2 Yekatit 2011, alisema kwamba tangu siku ile mumewe hakula maharage. Kuomba msamaha hakuweza, akisema ataanzia wapi, na sheria yake hakuiacha, kwani aliogopa mahabusu kuliko alivyokiri.

Kazi hii alimfundisha Tewabech, kwa sababu Merid hakuwa na subira na mtoto mwingine hakuwepo. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili, binti huyo alichambua vyuma kwenye makopo baada ya shule, akajua waya wa mwavuli unavumilia, spoku ni ngumu kunyoosha na pini ya nywele inasaidia kidogo kisha inakata tamaa. Hakuifanya kuwa kazi yake, alipata ajira ya kupika katika shule na watoto watatu wa kulea, lakini mkono haukusahau.

Mwaka 2014 marehemu alipatwa na shinikizo la damu, mkono wa kushoto ukalegea, akaacha kazi, lakini alikataa kuhama nyumba yake na akakataa kumpa mtu yeyote ufunguo wa pili wa kitasa alichokiunda kwa mikono yake, akijisifu kwamba hicho hata yeye kingemchukua nusu siku.

Alhamisi tarehe 12 Megabit mwaka huu, sikukuu ya Malaika Mikaeli, saa moja na nusu asubuhi, Tewabech alimpelekea mkate kabla ya kwenda kazini, akabisha, akaita, akasikia kitu kikikwaruza sakafu ndani, kisha kimya. Majirani wote wa ua ule walikuwa kanisani. Dirisha lina nondo, mlango ni wa bati nene, na vijiti vya baba yake vyote vilikuwa ndani pamoja naye. Alijua sheria vizuri kuliko mtu yeyote, na alijua pia watu wangesema nini juu ya binti aliyefungua mwenyewe nyumba ya mzee mgonjwa pasipo mtu kuona. Juu ya uzio kulikuwa na mwavuli uliovunjika tangu mvua zilizopita. Alivunja waya mbili, akazinoa kwenye jiwe la kizingiti, akapiga magoti, na kitasa cha nusu siku kikafunguka mkate ukiwa bado na joto.

Alimkuta sakafuni kati ya kitanda na meza, upande mmoja wa mwili umekufa, macho yako wazi. Hospitalini, siku ya tatu, alipoweza kusema kwa nusu ya mdomo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alisimama shahidi?"

"Hakuna, Baba. Wote walikuwa kanisani."

"Hukungoja?"

"Sikungoja."

Aliuliza kama kitasa kimeharibika, Tewabech akamwambia hakina hata mkwaruzo, naye akasema, "Basi niitie Fikirte."

Bi Fikirte alipatikana kwa simu Jumatano, akajibu kwamba atakuja Jumamosi, akishamaliza sokoni. Gashe Kinfe alihesabu siku. Alifariki Jumamosi hiyo, tarehe 21 Megabit 2016, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na Bi Fikirte aliingia wodini saa nne, na kikapu chake, akakuta kitanda kimetandikwa.

Alikaa juu ya kitanda hicho. "Nilikuwa nakuja kumwambia nilishamsamehe siku nyingi," alimwambia Tewabech, "nilikuwa navuta miguu tu, dada yangu. Sasa nimwambie nani?"

Tewabech alimwambia aseme leo mbele ya watu. Bi Fikirte alisema hataweza kusimama, basi iandikwe, yeye atakaa kati ya wanawake na atakaposikia atainua mkono. Imeandikwa, na imesomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku tisa, majirani waliorudi kutoka kanisani wakambeba hadi kwenye gari bila kuuliza mlango ulifunguliwaje, mafundi wenzake wa Merkato waliofunga meza zao leo, walimu na wapishi wa shuleni kwa Tewabech, na chama chetu cha kuzikana, ambacho mahema yake haya aliyatunza yeye. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kopo moja la vijiti, ambalo litabaki kwa binti yake.

Bi Fikirte, tumeuona mkono wako.

Pumzika sasa, Gashe Kinfe, mashahidi wametosha.